Jinsi ya kuingiza sanaa ya vijana darasani bila kuiua

Usianze na silabasi, anza na daftari la mwanafunzi, tena zile kurasa za nyuma kabisa, pale ndo utakuta michoro, majina ya herufi za mapambo, mistari ya rap imefutwa futwa mara tatu. Omba ruhusa lakini, ni mali yake.

Halafu kumbuka Elliot Eisner, profesa wa Stanford, mwaka 1979 alisema shule zote zina mitaala mitatu, ulioandikwa, ule wa kimyakimya ambao watoto wanaunyaka tu kutokana na jinsi shule inavyoendeshwa, na ule usiofundishwa kabisa. Huu wa tatu ndo uukazie macho kwasababu tunachokiacha nacho kinafundisha, mtoto anajua hakina thamani.

Sasa chukua mstari mmoja wa hiyo rap, mwenyewe akikubali, darasa lihesabu silabi, litafute vina, wabadilishe neno moja waone mapigo yanavunjika wapi. Hapo umeshafundisha ushairi.

Peni nyekundu weka mbali, tafadhali sana. Muulize kwanini alilifuta lile neno alafu nyamaza umsikilize, jibu lake ndo somo lako la kesho.