Kabla hujapeleka sabuni gerezani

Nimekulia kwata za magereza, yaani makazi ya askari. Baba alikuwa askari, na sisi watoto sita tulilelewa ndani ya unipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho mchana kinachoma na usiku kinakutetemesha. Mama alitundika kanga katikati: huku wazazi, huku sisi na sufuria. Siku moja wafungwa waliletwa kufyeka nyasi kwata, na mmoja wao, mtu mzima, akachungulia ndani kisha akamwambia baba, "Pole, afande. Sisi angalau tuna ukuta wa matofali." Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nilikuwa na miaka 11 na sikuona cha kuchekesha.

Sasa nina mwaka wa saba na kikundi chetu kidogo hapa Arua, mkoa wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Tuko watu sita, ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na tunaingia magereza mawili. Haupiti mwezi sijapigiwa simu na kwaya ya kanisa, kina mama wa msikitini au vijana waliomaliza chuo: "Dada, tunataka kusaidia wafungwa. Tumeshanunua sabuni." Hapo ndipo ninapowaomba wakae chini kwanza.

Barua, kisha mikono mitupu

Tangu Sheria ya Magereza ya mwaka 2006, magereza yote ya Uganda, hata yale ya zamani ya serikali za mitaa, yako chini ya idara moja. Maana yake kwako ni kwamba hakuna gereza dogo la kuingia kwa kujuana. Andika barua kwa OC, yaani mkuu wa gereza, nakala kwa kamanda wa magereza wa mkoa. Ukurasa mmoja unatosha: ninyi ni nani, mnataka kufanya nini, siku gani, majina na namba za vitambulisho vya wote watakaoingia. Usiandike kwamba mnakuja "kukagua". Niliwahi kuliandika neno hilo, jibu likachukua miezi minne.

Ziara ya kwanza usibebe kitu. Najua ni vigumu, mila zetu hazituruhusu kwenda kwa watu mikono mitupu. Lakini ukifika na mizigo, watakuonyesha stoo ya kuiwekea na ziara itaishia hapo. Ukifika mtupu, itabidi mzungumze.

Sisi tulijifunza hili kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza tulichangisha pesa tukanunua vyandarua, kwa sababu malaria huku West Nile ni jirani wa kila siku. Tukavishusha getini kwa mbwembwe zote. OC, mama mmoja mpole sana, akatuchukua mpaka mlango wa wodi, chumba wanamolala wafungwa, akasema, "Haya, mwanangu, nionyeshe pa kukitundika." Wanaume walilala pale kama dagaa kwenye mkeka, ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wanageuka wote. Halafu akaongeza lililokuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa sisi: chandarua kikisokotwa ni kamba, na kamba haziingii wodini. Tulivigawa kwa familia za askari. Wodi ilikuwa inahitaji kupuliziwa dawa ukutani, na hilo tungelijua kama tungeuliza.

Swali la kumuuliza askari

Watu wa misaada hupenda kuongea na OC na wafungwa. Askari wa zamu, yule anayefunga na kufungua, wanampita kama nguzo. Wewe msogelee. Msalimie kwa cheo chake, mwulize kazi anayo mwaka wa ngapi na ametokea wapi, kisha mwulize hivi: "Afande, hapa ndani kitu gani kinakunyima usingizi?"

Koplo mmoja nilipomwuliza hivyo hakusema lolote. Alikunja mkono wa shati akanionyesha kifundo chake. Upele. "Hawa wanao," akasema akielekeza kidevu wodini, "mimi ninao, na mtoto wangu wa mwisho anao. Wakileta dawa wanawapa watano, baada ya wiki mbili tumerudi palepale."

Kazi yetu yote ilianzia kwenye kile kifundo, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Siku ya upele

Upele hautibiwi mtu mmoja mmoja mahali watu wanapolala wamegusana. Unatibu wodi nzima siku moja, na askari pamoja na familia zao siku hiyohiyo, la sivyo unamwaga maji kwenye pakacha. Keti kwanza na muuguzi wa gereza au wa kituo cha afya cha karibu, kwa sababu dawa na kipimo chake ni kazi yake. Wajawazito na watoto wachanga usiwaguse, muuguzi ndiye ataamua. Sisi tulitumia losheni ya benzili benzoeti, ile nyeupe, kwa kuwa ndiyo inayopatikana. Waambie watu mapema kwamba inawasha vikali penye michubuko. Usipowaambia, wa kwanza akipiga kelele wa mwisho watajificha.

Mpango ni huu. Asubuhi watu wanaoga kwa sabuni, na hapo ndipo sabuni yako inapopata kazi. Maji ndiyo yatakayokuangusha, kwa hiyo hesabu jerikeni siku moja kabla, usiamini bomba. Wakishakauka kabisa, wanapakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni: katikati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kiunoni, sehemu za siri. Mahali mtu asipofikia mwenyewe, mgongoni, mwenzake ampake. Dawa inakaa usiku kucha. Mablanketi na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Zisizofulika zinafungwa ndani ya makavera, mifuko ya plastiki, siku tatu, maana mdudu anayeleta upele akikosa ngozi ya mtu kwa muda huo kwa kawaida anakufa. Baada ya wiki moja mnarudia zoezi lote. Hapo utapata upinzani, kwa kuwa watu wanaendelea kujikuna na wanaona dawa imeshindwa. Mwasho unaweza kubaki wiki kadhaa hata mdudu akishakufa. Mweleze askari hilo kabla hujamweleza mfungwa, kwa sababu swali litaulizwa saa nne za usiku wakati wewe uko kwako.

Mara ya kwanza tulifanya kila kitu sawasawa na bado upele ukarudi. Tuliisahau lori. Kila jioni ya siku ya mahakama gari linashusha mahabusu wapya, wengine wametoka selo za polisi ambako walilala wakilaliana. Wanaingia wodini giza likiingia, na pamoja nao kila walichobeba. Basi shughuli ikahamia getini: nani anawapokea, na anaangalia nini?

Mafunzo ya askari

Tulipofikia hapo tukaacha kujiita watu wa msaada tukaanza kufundisha. Kanuni za Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinataka askari magereza afunzwe kabla ya kuanza kazi na aendelee kufunzwa akiwa kazini. Azimio la Kampala la 1996 kuhusu hali ya magereza Afrika, lililozaliwa papa hapa nchini, nalo lilishawakumbuka askari. Kwenye karatasi tuko vizuri.

Fundisha kwa Kiswahili. Askari wa gereza moja huyu ni Mteso, yule Mugisu, yule Mukiga, mwingine Mlugbara, na lugha ya paredi ndiyo inayowaunganisha. Omba asubuhi mbili, si siku nzima, kisha rudia yaleyale kwa zamu nyingine. Aliyelinda usiku usimwite, atakaa kwenye benchi macho wazi na roho imelala. Kuhusu pesa ya usafiri, tamka kiasi siku ya kwanza au sema wazi kwamba haipo, ila chakula kitakuwepo. Mimi sipendi mafunzo ya kununua watu, lakini kumwita mtu siku yake ya mapumziko na kumpa soda peke yake ni dharau.

Usilete hotuba. Waigize. Mmoja awe mahabusu mpya, mwingine ampokee kama anavyopokea kila siku. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, neno la kwanza lililotoka lilikuwa "Chuchumaa!", hata jina halijaulizwa. Wote wakacheka. Yule aliyeigiza mahabusu alikuwa sajini mnene wa miaka hamsini hivi. Nikaacha igizo liendelee. Maswali, kuandika jina, kutafuta kalamu, kalamu haiandiki, kutafuta nyingine. Dakika ya nane sajini akashika ukuta, akasema kwa sauti ndogo, "Magoti yangu, jamani." Hakuna aliyecheka tena. Kanuni ya 43 ya Mandela, inayokataza viboko na kupunguza chakula au maji kama adhabu, niliisoma baada ya hapo, na nilisikilizwa.

Kwenye meza ya mapokezi tuliacha kaunta buku moja iliyochorwa mistari. Safu za kwanza ni za kifua kikuu, maswali manne: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Safu ya tano ni ngozi: aonyeshe viganja na vifundo vya mikono. Jibu moja la "ndiyo" linatosha kumpeleka kwa muuguzi kabla hajalala na wenzake. Askari hahitaji kuwa daktari ili aulize maswali manne, anahitaji kalamu inayoandika. Peleka kalamu nyingi.

Safu ya mwisho tuliongeza baadaye, na sasa naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote: tarehe aliyoingia limanda, yaani rumande. Katiba yetu, ibara ya 23, inasema kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama ya chini, mtu akikaa siku 60 kesi haijaanza, mahakama imwachie kwa dhamana kwa masharti yanayofaa. Kwa kosa la Mahakama Kuu peke yake ni siku 180 kabla hajakabidhiwa kwa mahakama hiyo. Karani wa gereza akipiga mstari mwekundu chini ya kila aliyepitisha siku, msaidizi wa sheria akija Alhamisi hahitaji kuzunguka wodi akiuliza. Msongamano nao unapungua, japo kwa mtu mmoja mmoja.

Wageni hupenda kuniuliza habari za Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa, kesi yake ikaifanya Mahakama ya Juu mwaka 2009 iondoe ulazima wa hukumu ya kifo, na akasomea sheria humohumo ndani ya gereza la Luzira, Kampala. Nampenda sana. Lakini mimi huwaza pia juu ya askari wa kike aliyeshika funguo za lile darasa.

Wodi ya wanawake ina mahitaji yake: pedi za kufua, ambazo wao wenyewe wanaweza kushona ukiwapa kitambaa, na maziwa na nepi za watoto, kwa kuwa sheria inamruhusu mama kukaa na mtoto wake mpaka miezi 18. Waulize wao, watakupangia vizuri kuliko mimi.

Uhamisho

Kitu kimoja kitakukatisha tamaa: askari uliyemfunza vizuri atahamishwa. Baba alihamishwa mara tano, najua wino wa barua ile ulivyo. Kwa hiyo usimfunze mtu mmoja, funza wawili wa zamu tofauti, na utaratibu wote uandikwe kwenye jalada la ndani la kaunta buku, kwa mkono wa askari, si wako.

Yule koplo wa kifundo aliondoka mwaka jana kwenda Karamoja. Wiki ya tatu akanipigia usiku, mtandao unakatikakatika. "Madamu, wodi yangu ina watu 90 na wote wanajikuna. Ule ukurasa wa jerikeni bado unao?" Nikaupiga picha nikamtumia.