Mwalimu amefungwa kwa kosa la kingono dhidi ya mtoto: hatua za kuhakikisha jina lake linatoka kwa rejista ya TSC

Habarini wazazi na walimu wa Kenya. Hili somo naliandika manake watu wengi wakisikia mwalimu amekula miaka 20 wanashukuru Mungu, wanarudi nyumbani, wanaona yameisha. Hukumu ni ya korti lakini rejista ya walimu iko TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, hizo ni ofisi mbili na faili mbili. Usipofuatilia hilo jina, siku ataachiliwa atakuwa bado na cheti cha usajili mkononi na hakosi shule mahali inayotafuta mwalimu wa hesabu kwa haraka bila kuuliza maswali.

Wengi tunasema leseni lakini kinachomruhusu mtu kufundisha hapa kwetu ni usajili wa TSC. Kifungu cha 30 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinasema Tume itaondoa jina la mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la kingono au kosa dhidi ya mwanafunzi, hapo sheria haijaacha mlango wa huruma. Makosa mengine ya jinai pia yanaweza kumtoa ila hapo Tume ndiyo inaamua kama yanamfanya asifae kuwa mwalimu.

HATUA YA 1: Ushahidi, siku hiyo hiyo
Mtoto akikwambia jambo, usimwogeshe. Najua mama yeyote kitu cha kwanza anataka ni kumsafisha mtoto wake, lakini ushahidi unaenda na hayo maji. Nguo alizovaa, hasa za ndani, zitie kwa bahasha ya kaki au gazeti, si mfuko wa plastiki, manake zikibaki na unyevu zinaoza na hata uchafu wa kupimwa unaharibika. Nenda hospitali kabla masaa 72 hayajaisha ndio apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Daktari ajaze fomu ya PRC (ya huduma baada ya ubakaji), na polisi watakupa P3, fomu yao ya ripoti ya daktari, ijazwe pia. Piga kopi ya kila kitu kabla hujaachia mtu yeyote, nasema kila kitu, kesi nyingi zinafia kwa karatasi iliyopotea. Cheti cha kuzaliwa kiwe karibu, manake kifungo cha kosa la kunajisi mtoto kinategemea umri: mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni maisha, 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, 16 hadi 18 si chini ya 15.

HATUA YA 2: Ripoti kwa polisi NA kwa TSC
Polisi wakupe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, iandike. Halafu usingoje kesi iishe ndio uende TSC, hapa ndipo wengi wanapotea. Nenda ofisi ya TSC ya kaunti au kaunti ndogo na barua fupi: jina la mwalimu, shule, nini kilitokea, lini, namba ya OB. Wakupigie stempu kwa kopi yako. Walimu wenzake nao, Waraka namba 3 wa TSC wa 2010 unawataka waripoti ndani ya masaa 24, na anayenyamaza au kuficha anaweza kuadhibiwa yeye pia. Kwa hivyo mwalimu mkuu akikwambia "tutaliangalia ndani ya shule" mkumbushe huo waraka kwa upole.

HATUA YA 3: Mchakato wa nidhamu
Mwalimu akipewa barua ya kusimamishwa anakabidhi vitu vya shule na kuondoka ndani ya masaa 48, na ana siku 21 za kuandika utetezi. Baadaye kunakuwa na kikao na mtoto anaweza kuitwa kama shahidi. Usimwache aende peke yake na usimkaririshe maneno, aseme vile anakumbuka.

HATUA YA 4: Hukumu ikishatoka
Enda rejista ya korti uombe kopi ya hukumu na adhabu iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri. Beba namba ya kesi. Ambatanisha na barua kwa TSC ukitaja kifungu cha 30 na uombe aondolewe kwa rejista, weka namba yake ya TSC kama unayo, ukikosa andika majina yote matatu na shule alizowahi kufundisha. Stempu tena.

HATUA YA 5: Thibitisha
Majina ya walioondolewa huchapishwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali na TSC huweka orodha kwa tovuti yake. Tafuta jina. Ukilikosa, andika tena ukiambatanisha zile kopi zenye stempu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Korti imemwachilia kwa kukosa ushahidi. Basi TSC haiwezi kumgusa?
Inaweza. Korti ya jinai inataka uthibitisho usio na shaka, nidhamu ya kazi haifiki huko. Someni kesi ya W.J. ya 2015 (herufi za jina la msichana mmoja aliyeshtaki), Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu. Yule mwalimu alikuwa ameachiliwa kwa kesi ya jinai lakini wasichana wawili wakalipwa fidia, mmoja milioni 2 na mwingine milioni 3, na TSC na serikali zikabebeshwa lawama pamoja na mwalimu. Jaji alikemea ule mtindo wa kuhamisha mwalimu kutoka shule moja hadi nyingine, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo 2020.

Swali: Familia zimekaa na wazee, mbuzi zimelipwa, baba anataka kuondoa kesi.
Si yake kuiondoa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaacha uamuzi wa kusimamisha kesi kwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Inaniuma sana hii ya mbuzi, manake mtoto hakuulizwa chochote na bado anapita mbele ya huyo mtu kila asubuhi akienda shule.

Swali: Huyu wetu ameajiriwa na bodi ya shule, TSC haimlipi.
Haijalishi nani anamlipa. Awe wa bodi au wa shule ya kibinafsi, sheria inataka asajiliwe na TSC ndio afundishe. Kama hajasajiliwa, hilo peke yake ni jambo la kuripoti.

Swali: Mimi ni ticha, je nikisingiziwa?
Tumia hizo siku 21, usiandike kwa hasira, taja mashahidi na uulize upewe ushahidi ulioko. Jina likitolewa una siku 90 kuomba uamuzi upitiwe upya. Rufaa ya kesi ya korti ni njia tofauti, usichanganye hizo mbili, na usimpigie wala kumtafuta mtoto au wazazi wake hata kama nia yako ni kuomba msamaha.

Swali: Naogopa kuonekana ofisi ya TSC, mwalimu huyo ni jirani na mtu mkubwa kijijini.
Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, wanapokea usiku na mchana. Waambie eneo lako na uombe afisa wa watoto ndiye abebe hiyo ripoti.