Udi Hauoshi: Nyumba Inukie Kuanzia Sinki Hadi Chetezo

Nyumba iliyofukizwa juu ya uvundo hainukii. Inazaa harufu ya tatu, si udi wala si uvundo, na mgeni anaipata akiwa bado anavua viatu mlangoni. Wenye nyumba hawaisikii, kwa sababu pua huzoea harufu ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toka nje nusu saa, nenda hata dukani, ukirudi simama kizingitini uvute pumzi moja kwa pua. Harufu utakayoipata hapo ndiyo ya nyumba yako.

Kisha pita chumba kimoja kimoja, milango ya vingine ikiwa imefungwa, na inama kweli: kwenye sinki, tundu la maji bafuni, nyuma ya friji, ndani ya kabati la nguo, juu ya godoro. Kila harufu ina kwao. Ya yai bovu inatoka kwenye bomba. Ya gunia lililolowa ni ukungu. Inayochoma pua ni mkojo. Shombo ni jikoni, hilo halihitaji kuelezwa.

Bomba kwanza

Chini ya sinki bomba limepindwa makusudi ili maji kidogo yabaki kwenye ule mpindo. Maji hayo ndiyo kizibo: yanazuia hewa ya karo isipande ndani. Choo cha wageni au bafu lisilotumika likikaa wiki kadhaa, hasa wakati wa joto, maji yale hukauka na harufu hupanda bila kizuizi. Watu humwaga dawa ya manukato pale, kumbe kinachotakiwa ni lita moja ya maji kila wiki. Ukisafiri mwezi mzima, mimina juu ya maji hayo kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Yataelea na kuchelewesha kukauka.

Ikiwa maji yapo na bado kunanuka, basi ni uchafu ulioganda ndani: mafuta, mabaki ya wali, nywele. Weka ndoo chini, fungua mpindo kwa mkono (wa plastiki hauhitaji spana), usugue ndani kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, uoshe. Angalia mpira wa duara uliokuwa kwenye maungio usiishie kwenye ndoo ya taka, maana ukirudisha bomba bila mpira huo, kesho kabati la sinki litakuwa limelowa na utaanza kupambana na ukungu. Malizia kwa lita 2 za maji ya moto, lakini yasiwe yanachemka, kwa sababu bomba la plastiki hulegea.

Hapa kuna imani moja ya kuondoa: kuchanganya siki na beking soda kwenye tundu. Povu linafurahisha macho, lakini hivyo viwili vinauana na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja. Na la hatari zaidi: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikutane kamwe na siki, ndimu, wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kujifunzia hilo.

Shombo

Shombo la samaki linatokana na kemikali za jamii ya amini, na amini hushindwa na asidi. Ndiyo maana ndimu inafanya kazi, na wala si kwa sababu ya harufu yake. Ubao wa kukatia usugue kwa chumvi na nusu ndimu, uache dakika 10, ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya baridi, kisha uusimamishe juani. Mikono vivyo hivyo. Magamba na matumbo ya samaki yafunge kwenye mfuko na kuyatoa siku hiyo hiyo. Yakilala ndani usiku mmoja wa joto la pwani, kesho hutahitaji kuonyeshwa yalipo.

Unapokaanga, mvuke wa mafuta hutembea. Unaganda kwenye pazia, juu ya makabati, kwenye panga za feni, na huko unachacha. Funga mlango wa sebuleni, fungua dirisha la jikoni kabla ya kuwasha moto na si baada ya moshi kujaa. Pazia la jikoni lifuliwe kila baada ya wiki mbili. Kama hulifui mara hizo, bora usiwe nalo.

Friji: toa kila kitu, futa kwa kijiko kikubwa kimoja cha beking soda kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, pamoja na mikunjo ya mpira wa mlango. Wengi huishia hapo na kushangaa harufu ikirudi. Friji nyingi zina tundu dogo la maji ukutani kwa ndani, na maji hayo hushukia kwenye trei iliyo nyuma, juu ya mashine. Chomoa umeme, vuta friji, osha trei hiyo. Humo ndimo damu ya nyama ya mwezi uliopita ilipo.

Ukungu

Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na masika inazidi. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo: unyevu na hewa iliyosimama. Kabati lililobanwa ukutani linanuka kwa sababu nyuma yake hakuna upepo, basi lisogeze sentimita 5 hadi 10. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, si moja, kwa dakika 15 asubuhi. Dirisha moja linaingiza upepo usio na pa kutokea. Nguo zisiingie kabatini zikiwa na unyevu hata wa kola tu, na iliyovaliwa mara moja isirudi kukaa na safi.

Palipoota ukungu ukutani au kwenye mbao, futa kwa siki isiyochanganywa na maji, acha saa nzima, sugua, kisha kausha kwa feni. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe na Lamu, zina shida yake. Kuta zake hunyonya maji na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukizipaka rangi ya plastiki unayafungia ndani, rangi inavimba, inabanduka, na chumba kinanuka kama pango. Rudisha chokaa. Inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake wenyewe unauchukiza ukungu.

Godoro la mtoto: kausha kwa taulo kwa kukandamiza, usisugue. Nyunyiza siki na maji nusu kwa nusu, subiri dakika 10, kandamiza tena. Tawanya beking soda mpaka pawe peupe, liache saa 8, pangusa, kisha lianike juani likiwa limesimama. Usimwage maji mengi, kwa kuwa sponji hulowa ndani na kukauka nje tu, na hapo umebadilisha mkojo kwa ukungu.

Sasa chetezo

Mambo hayo yakiwa sawa, fukizo dogo linatosha. Udi wa kweli ni mti wa Asia, wa jamii ya Aquilaria, ambao ukishambuliwa na kuvu hujitengenezea utomvu mweusi, na utomvu huo ndio unaonukia. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba unaolinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, hivyo ukiuziwa mfuko mzima kwa bei ya kilo ya sukari, umenunua vibanzi vilivyotiwa rangi na mafuta. Vijaribu kwenye kaa: wenye utomvu hutokota pembeni na moshi wa mwanzo ni mtamu. Wa bandia hutoa harufu ya spiriti, kisha ya kuni.

Weka mchanga au majivu, kina cha sentimita 2, ndani ya chetezo ili kisipasuke wala kuunguza zulia. Washa kaa nje. Yale makaa ya duara yanayowaka haraka yana kemikali ya kuwashia inayonuka vibaya mwanzoni, kwa hiyo subiri dakika 10 mpaka yafunikwe na jivu la kijivu. Kosa la wengi ni kuweka udi juu ya kaa jekundu tupu: unawaka badala ya kufuka, na unapata harufu ya sukari iliyoungua. Tandaza jivu jembamba juu ya kaa, kisha weka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kimoja kwa chumba. Moshi ukibadilika na kuwa mkali, kitoe, kimekwisha. Ubani ni hivyo hivyo, ila unayeyuka, basi ukwangue kabla haujawa mweusi.

Funga chumba dakika 10 watu wakiwa nje, makabati ya nguo yakiwa wazi, kisha fungua madirisha. Harufu nzuri ni ile inayobaki baada ya moshi kutoka. Kaa linalowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu yoyote ya kukuonya, kwa hiyo chetezo kisilale na watu chumbani, hata kikionekana kimezimika. Mwenye pumu na mtoto mchanga wakae mbali. Kwa walio ughaibuni kwenye fleti zenye king'ora cha moshi, chetezo cha umeme kitawaokoa na aibu ya kuwatoa majirani nje.

Udi wa kupika hutumia kiasi kidogo cha vibanzi na hudumu. Loweka gramu 250 za vibanzi vidogo kwenye nusu kikombe cha maji ya waridi usiku kucha. Asubuhi yeyusha gramu 200 za sukari kwa robo kikombe cha maji, moto mdogo, mpaka shira ivute uzi kati ya vidole viwili. Ikifika rangi ya kahawa umechelewa, itanuka kuungua kila utakapoifukiza. Tia vibanzi, koroga mpaka maji yakauke na shira ivishike, epua. Ikipoa kabisa ndipo utie vijiko vikubwa viwili vya unga wa sandali na vijiko vidogo viwili vya mafuta ya udi au miski. Ukivitia kwenye moto manukato yote yataishia darini, na marashi yenye spiriti yanaweza kulipuka moto usoni. Fungia kwenye chupa ya kioo, weka gizani wiki 3 kabla ya kutumia. Ikiota ukungu, shira ilikuwa na maji mengi. Tupa.

Chumba cha kulala hakihitaji hata moshi. Chuma asumini alasiri zikiwa bado zimefumba, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya Magharibi zimwage kitandani na majani machache ya mrehani. Zitafunguka zenyewe usiku. Asubuhi zikusanye zote, hata zilizoingia chini ya mto, kwa sababu asumini iliyogeuka kahawia huacha doa kwenye shuka na kufikia mchana inaanza kunuka.