Kupika Mchuzi wa Samaki wa Kigoa Jijini Nairobi

Mchuzi wa samaki na wali ndio mlo wa kila siku katika nyumba nyingi za Wagoa, watu wenye asili ya Goa, jimbo la pwani ya magharibi ya India, na mahitaji yake yote yanapatikana Nairobi. Nunua kilo 1 ya nguru, umkate vipande vinene, umpake chumvi na manjano, kisha umweke kando.

Kiini cha mchuzi huu ni viungo vya kusaga. Loweka pilipili kavu 8 za Kashmir, ambazo hutoa rangi nyingi kuliko ukali, kisha uzisage pamoja na nazi 1 iliyokunwa, vijiko 2 vya mbegu za dania, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, punje 6 za kitunguu saumu na ukwaju, ukiongeza maji kidogo kidogo hadi upate rojo laini lisilo na chembe. Usiharakishe hatua hii hata kidogo.

Kaanga kitunguu, mimina rojo na vikombe 2 vya maji, uchemshe kwa dakika 10. Samaki huingia mwisho, pamoja na pilipili mbichi zilizopasuliwa, kwa dakika 5 hadi 8. Tikisa sufuria badala ya kukoroga, ili vipande visivunjike. Mchuzi uliolala kwenye friji, kwa maoni yangu, huwa mtamu zaidi.