Kandida: namna ya kuitambua kabla ya kununua dawa

Kandida ni kuvu ndogo isiyoonekana kwa macho, na wengi wetu tunaishi nayo kinywani, tumboni na, kwa wanawake, ukeni, bila kudhurika. Hugeuka kuwa ugonjwa pale kinachoizuia kinapopungua: bakteria walinzi wakiuawa na antibiotiki, sukari ikipanda katika damu, mimba ikibadilisha homoni, au kinga ya mwili ikidhoofika. Kwa hiyo anayetaka kuitibu vizuri ajiulize mambo mawili, tena kwa mpangilio huu: je, kweli ni kandida, na kwa nini imezidi sasa?

Swali la kwanza ndilo linalorukwa mara nyingi hapa Bukavu. Kutoka Nyawera hadi soko la Kadutu farmasi ni nyingi, na ni rahisi mama anayelalamikia muwasho arudi nyumbani na antibiotiki bila kupimwa chochote. Ikiwa ni kandida, dawa hizo hazitaigusa kuvu. Zitaua bakteria waliokuwa wakiizuia, na baada ya siku chache muwasho utarudi kwa nguvu zaidi.

Anza, basi, kwa kutazama dalili. Kandida ya ukeni huwasha sana, huleta wekundu na maumivu wakati wa kukojoa au wa tendo la ndoa, na uchafu wake huwa mweupe na mzito, wenye mabonge kama mashanza (maziwa yaliyoganda), bila harufu kali. Uchafu mwepesi wa kijivu unaonuka kama samaki huashiria tatizo la bakteria. Ule wa manjano au kijani wenye povu huenda ukawa trikomona, ambayo huambukizwa kwa ngono na hutaka dawa nyingine kabisa. Hata hivyo, macho hudanganya. Ikiwa ni mara yako ya kwanza, ikiwa una mimba, homa au maumivu chini ya kitovu, nenda kituo cha afya, uombe ute upimwe kwa darubini.

Ikithibitika, tiba si ndefu. Kwa mwanamke asiye na mimba, kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, au klotrimazoli ya kuweka ukeni, hutosha mara nyingi. Mwenye mimba asimeze flukonazoli kwa kujiamulia. Huandikiwa klotrimazoli ya ukeni kwa siku 7. Anayetumia dawa nyingine kila siku amwambie mhudumu, kwa kuwa flukonazoli hugongana na dawa kadhaa. Mume hatibiwi isipokuwa naye ana muwasho au vipele.

Usijioshe ndani kwa sabuni, limau wala chumvi, hata kama aliyekushauri ni shangazi unayemheshimu. Uke hujisafisha wenyewe, na kuosha huko huvuruga ulinzi wake. Jambo dogo la mji wetu pia lisisahaulike: kuanzia Septemba hadi Mei mvua hazituachi, na nguo za ndani zilizoanikwa chumbani huvaliwa zikiwa bado na unyevu. Zikaushe kabisa, ikibidi kwa pasi, na upendelee pamba isiyobana.

Kwa mtoto mchanga, tazama ulimi na mashavu kwa ndani. Mabaki ya maziwa hufutika kirahisi. Utando wa kandida hung'ang'ania, na ukitoka huacha wekundu. Hutibiwa kwa matone ya nistatini, na chuchu za mama zikiwa na maumivu hutibiwa wakati huohuo, la sivyo wataendelea kuambukizana. Utando wa namna hiyo kwa mtu mzima ambaye hatumii meno bandia wala dawa za pumu za kuvuta ni sababu ya kutosha kupima sukari na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI. Akianza kuumia anapomeza chakula, asingoje: kuvu huenda imeshuka hadi kwenye umio.

Kuna madai mengine yanayozunguka katika simu zetu, kwamba kandida ya tumboni ndiyo chanzo cha uchovu, huzuni, kusahau na kunenepa. Wazo hilo lilienea Marekani katika miaka ya 1980, na mwaka 1986 chama cha wataalamu wa mzio cha huko kilitamka kwamba halijathibitishwa. Kutema mate katika glasi ya maji asubuhi si kipimo, na kuacha bugali na ndizi hakujathibitishwa kuwa tiba. Aliyechoka kwa wiki nyingi apimwe damu, malaria na sukari, kwa maana lawama ikielekezwa kwa kandida, ugonjwa wenyewe hupata muda wa kukua.

Muwasho ukirudi mara tatu au nne kwa mwaka, acha kurudia kidonge kilekile. Andika katika daftari tarehe za kila tukio, mahali ulipokuwa katika mzunguko wako wa hedhi, na kila antibiotiki uliyomeza kabla yake, kisha mpelekee daktari daftari hilo pamoja na maganda ya dawa. Zipo aina za kandida ambazo flukonazoli haiziwezi, na kuzijua hutaka ute uoteshwe maabara.