Kujenga upya kompyuta ya gemu hapa Mwanza: anza na pawa saplai, kadi ije mwisho

Wadau wa Rock City, kuna swali naulizwa karibu kila wiki, "bro kadi gani kali ya gemu kwa laki tatu", na mimi kila mara narudisha swali, iyo mashine yako ina pawa saplai gani, yani lile boksi la ndani linalogawa umeme? Wengi hawajui, wanajua ina prosesa ya Core i5 na RAM ya GB 8 basi. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ndio kitu cha mwisho kabisa kuchagua ila watu wanainunua ya kwanza, na inaniuma kweli maana najua hela iyo mtu kaichanga miezi.

Mpwa wangu yuko Nyegezi, alikuwa na mashine ya ofisi ya mtumba, yale maboksi membamba, akaagiza kadi ya RX 580 kutoka Dar ikaja na basi. Siku ya kuifunga ananipigia, "mjomba, haiingii". Nikaenda. Kweli haiingii, kadi ni ndefu na nene, boksi jembamba, na hata tungeng'oa bati lote bado kadi ile inataka waya wa pini 8 na pawa saplai iliyokuwepo haina hata mmoja. RX 580 peke yake inakula wati 185 hivi, pawa saplai yote nzima ni wati 240. Dukani wakagoma kurudisha hela, ikabidi aiuze kwa hasara.

Kwaiyo kabla ya kutoa hata mia, zima umeme, chomoa waya, fungua boksi, na upige picha stika ya pawa saplai. Usiishie kwenye namba kubwa ya wati, tafuta mstari wa volti 12 maana prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi zote zinanyonya apo. Zidisha ampea kwa 12, mfano imeandikwa 12V 20A basi una wati 240 za kweli, hata kama juu wameandika 500 kwa maandishi makubwa. Alafu hesabu nyaya. Sloti ya madabodi, lile bodi kuu linalobeba vitu vyote, inatoa mpaka wati 75, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Ndio maana GTX 1050 Ti inapendwa kwenye mashine za ofisi, inakula wati 75 na nyingi hazitaki waya wowote. GTX 1650 zipo za aina mbili, zingine zina pini 6 juu, muombe muuzaji picha ya upande ule wa juu kabla ya kulipa.

Mtu anasema si nabadilisha pawa saplai tu. Sawa, ila angalia plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi. Ya kawaida ina pini 24. Dell OptiPlex 9020 kwa mfano ina pini 8 pale, kwaiyo pawa saplai ya kawaida haichomeki mpaka upate kiunganishi chake, na kwenye boksi jembamba hata umbo lake halikai. Nyingine, kama pawa saplai yako ni ya nyaya zinazochomoka, usichanganye nyaya za moja na ya nyingine ati kwa sababu zimeingia, mpangilio wa pini kule nyuma unatofautiana na unaweza kuunguza diski na kila kitu. Na zile za zamani zenye swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230. Mtumba uliotoka Marekani unaweza kuja umewekwa 115, ukichomeka kwenye umeme wetu utasikia mlio, na ndio mwisho wake.

Ukimaliza umeme nenda madabodi na prosesa, na hapa ndio panapochanganya watu wengi. Soketi (pale prosesa inapokaa) kuingiliana haina maana vitafanya kazi. Chukua LGA1151, i5-7500 na i5-8400 zote zimeandikwa 1151, zote zinakaa, lakini i5-7500 ni ya kizazi cha 7 na i5-8400 ni ya cha 8, na madabodi ya kizazi cha 6 na 7 haiwashi cha 8, na ya cha 8 haiwashi cha 7. Kizazi cha 10 na 11 ni LGA1200, cha 12 mpaka 14 ni LGA1700. Upande wa AMD, AM4 imebeba Ryzen toka 2017 mpaka zile za 5000, ila madabodi kama B450 iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kukataa Ryzen 5 5600 mpaka BIOS (programu ya ndani ya madabodi) ipandishwe toleo, na kuipandisha mara nyingi unahitaji prosesa ya zamani ndio iwake. Mwambie muuzaji aipandishe kabisa kabla hujaondoka. Weka programu ya CPU-Z kwenye kompyuta, ni ya bure, itakuambia jina kamili la madabodi, kisha tafuta ukurasa wa aliyeitengeneza usome orodha ya prosesa anazozikubali. Dakika kumi tu.

Angalia na herufi ya mwisho ya jina la prosesa. i3-12100F, iyo F maana yake haina grafiki ndani, bila kadi huoni kitu kwenye monita. Ryzen 5 5600 nayo hivyohivyo, 5600G ndio inayo. Kama unajenga kwa awamu na kadi utanunua baadae, chukua yenye grafiki uendelee kucheza vigemu vyepesi.

RAM ni rahisi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo la pale chini limekaa tofauti kila moja, kwaiyo ikigoma usiisukume. AM5 ni DDR5 tu. LGA1700 madabodi zingine ni DDR4 zingine DDR5, soma jina lote. Nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, gemu inalainika zaidi. Na SSD ya M.2, diski ile bapa inayochomekwa kwenye madabodi, ipo ya SATA na ipo ya NVMe, sloti zingine zinakubali moja tu.

Mpwa wangu mwishowe tuliliacha lile boksi. Tukachukua keisi kubwa ya mtumba, madabodi ya H610 ya DDR4, prosesa i3-12100F, RAM ya GB 16, kadi ya RX 6600 na pawa saplai ya wati 500. Hesabu yake: prosesa ikikazwa inafika wati 89, kadi 132, weka 50 za feni, diski na madabodi, unapata kama 270, nafasi inabaki. Nafasi ya kadi ndani ya keisi tuliipima kwa tepu, kuanzia bati la nyuma mpaka feni za mbele, ndio tukalipia.

Sasa yale ya kwetu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoua, weka UPS (boksi la betri ya akiba), ila jua ya 650VA mara nyingi haifiki wati 400, inakupa muda wa kusevu na kuzima, sio wa kumaliza mechi. Na nyie mnaokaa karibu na maji, Kirumba, Igombe, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi usiku wanafuata mwanga, na feni inawavuta ndani mpaka wanajaa kwenye hitsinki, vile vyuma vya kupoza prosesa. Keisi iwe na neti mbele, ukikosa kata kipande cha chandarua ubane, na ukisafishe mara kwa mara maana kikiziba joto linapanda. Taa za rangirangi zima usiku wa wadudu.

Vitu vikifika usifunge kwenye keisi kwanza. Laza madabodi juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa, pesti ya kupitisha joto kidogo kama punje ya harage, feni, RAM moja, kadi, washa. Ukiona picha, ingia BIOS uangalie joto la prosesa kwa dakika tano, likitulia zima, ongeza RAM ya pili, washa tena, ndio uanze kukaza skrubu.