Mti uliokufa shambani: kuvu ipi inahamia kwa jirani?

Mparachichi ukifa, iwe Rungwe au Njombe, wengi hukata shina wakaacha kisiki. Kumbe huenda kuvu inayoua miti mizima imejificha kwenye mizizi, na kisiki ndicho ghala lake.

Hatua ya 1: Pima. Fukua udongo shinani mpaka mizizi mikubwa ionekane, kisha bandua gome kwa panga pale mti unapoingia ardhini. Ukikuta utando mweupe kama karatasi umebana kati ya gome na mti, wenye harufu ya uyoga mbichi, hiyo ndiyo kuvu yenyewe, inaitwa armilaria. Hushika parachichi, chai, hata misindano, na hupita pale mizizi inapogusana. Uyoga mgumu ulioota juu kwenye shina kavu, huku chini hakuna utando, kwa kawaida unaozesha mti mfu tu.

Hatua ya 2: Kagua majirani kwa namna hiyohiyo. Majani ya kijani yasikudanganye. Mti unaweza kuwa na utando chini huku juu unapendeza.

Hatua ya 3: Chimba mtaro nje ya mti wa mwisho wenye utando, kina mita 1, upana sentimita 30. Udongo tupia upande wenye ugonjwa. Kila mzizi unaovuka, kata. Mtaro wa kina kifupi ni jasho la bure, mizizi itapita chini yake.

Hatua ya 4: Ng'oa kisiki na mizizi yote hadi ya unene wa kidole, uchome papo hapo. Kipande kilichosahaulika hutunza kuvu miaka mingi. Panda mahindi kwanza. Miti isubiri mwaka mmoja au zaidi.

MASWALI

Mwalimu, shina naweza kulifanya kuni?
Ndiyo, sehemu ya juu haina shida. Mizizi usiihamishe.

Nikipulizia dawa ya kuvu yenye shaba (kopa) je?
Haifiki, ndugu. Kuvu iko ndani ya mti, chini ya gome.

Wangu hauna utando, ila majani yamekuwa madogo ya njano na vijizizi vyembamba ni vyeusi, vinakatika ovyo.
Pole. Hapo shuku fitoftora, ugonjwa mwingine wa kuozesha mizizi, ambao husafiri na maji na udongo. Geuza maji yasitiririkie miti ya chini, osha jembe na buti kabla ya kutoka hapo, na miche mipya ipande juu ya tuta.